Malaria: kipimo cha haraka au darubini, kipi kiaminiwe?

Mgonjwa kamaliza dawa wiki iliyopita. Kipimo cha haraka bado kina mistari miwili, yaani kinasema malaria ipo, darubini haioni kitu. Watu husema maabara inadanganya. Sivyo. Vipimo vingi vya haraka hunasa protini ya vimelea, HRP2, ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Darubini huona vimelea vyenyewe na kuvihesabu, hivyo ndiyo ya kufuatilia tiba, ingawa slaidi iliyopakwa vibaya au macho yaliyochoka huharibu jibu.

Homa mpya, zahanati haina umeme? Kipimo cha haraka kinatosha, mradi kisomwe kwa muda ulioandikwa, kwa kawaida dakika 15 hadi 20. Kikichelewa kusomwa, mstari wa uongo unaweza kujitokeza. Eritrea ilibadilisha aina ya kipimo mwaka 2016, baada ya kugundulika vimelea visivyo na HRP2, ambavyo kipimo kinachotegemea protini hiyo hakivinasi.