Injekta za Bosch EV14 za 550 cc kwenye MX-5 yenye supachaja: uzoefu wangu

Gari ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, injini ya 1.8, supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini) ya Eaton M45 inayosukuma baa 0.5 bila intakula (kipoza hewa), na kompyuta ya injini ya MegaSquirt badala ya ile ya kiwandani. Niseme mapema: ukubwa wa injekta (vinyunyizio vya petroli, vinavyopimwa kwa cc kwa dakika) usikuumize kichwa. Unacholipia hasa ni data zinazokuja nazo, na hapo ndipo hizi zinapozishinda seti za bei chee.

Hesabu ya ukubwa ni fupi. Injini ya supachaja hunywa takriban cc 6.3 za petroli kwa dakika kwa kila nguvu farasi moja. Ukilenga nguvu farasi 200, gawa kwa silinda nne, halafu acha nafasi injekta zisifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda. Unapata cc 394. Za kiwandani ni karibu cc 265, zinazoishia kwenye nguvu farasi 135 hivi. Kwa hiyo 440 zingetosha kabisa. Nilichukua 550 kwa sababu EV14 hutulia vizuri hata zikifunguka kwa muda mfupi sana, jambo ambalo injekta kubwa za zamani haziliwezi.

Nunua seti iliyokwisha kuwekewa adapta za urefu na viunganishi vya waya vya gari lako, la sivyo utashinda unakata na kuunga. Kabla ya kufungua reli (bomba linalogawia injekta petroli), chomoa rilei ya pampu injini ikiwa inanguruma, iache izime yenyewe, presha imeshuka. Oringi (pete za mpira za injekta) zipake oili safi ya injini. Reli ikishakazwa, kila injekta izunguke kwa vidole. Isipozunguka, oringi imejikunja: ya juu itavuja petroli, ya chini itavuta hewa kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa) na kupoteza presha ukikanyaga. Kwenye MX-5 hii unga F/P na GND kwa kipande cha waya katika kiboksi cha uchunguzi, kisha washa swichi bila kupiga stata. Pampu itafanya kazi, nawe pitisha tochi na kidole kwenye kila kiungo.

Sasa kazi yenyewe. Injekta ikipewa umeme haianzi kumwaga papo hapo. Kwa karatasi iliyokuja na seti yangu, inachelewa karibu milisekunde 0.9 kwenye volti 14 na 1.2 kwenye volti 12. Kwenye sailensa, injini ikiwa moto, mpigo mzima (muda wa kupewa umeme) ni kama milisekunde 1.9, maana yake karibu nusu yake ni kungoja tu. Kosea namba hiyo, na jedwali lote la mafuta litakuwa limejengwa juu ya uongo. Kuipima ni rahisi: zima marekebisho ya sensa ya oksijeni, acha injini itulie, kisha washa taa, feni na hita ya kioo cha nyuma ili volti zishuke. Lamda (kipimo cha hewa dhidi ya petroli: 1.00 ni sawasawa, juu yake petroli ni pungufu) ikipanda kutoka 1.00 kuelekea 1.08, namba za volti za chini ni ndogo mno. Ikishuka, ni kubwa mno. Muuzaji asiye na jedwali hili msalimie uende zako.

Baada ya hapo badilisha ReqFuel, yaani milisekunde za msingi ambazo kompyuta huanzia kuhesabu mafuta. Kwangu ilitoka takriban 11.6 ikawa 5.6. Kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, mizunguko miwili ya injini, yaani mipigo minne kamili, ina milisekunde 17.1 tu, na injekta hizi zinatumia chini ya asilimia 60 yake.

Supachaja ya aina hii haisubiri kama tabo. Ukikanyaga kwenye mizunguko 2,500 presha ipo. Basi safu za jedwali la mafuta za kPa 90 hadi 120 (presha ya hewa inayoingia) zisiwe na ngazi, vinginevyo gari litamisi kila unapovuka. Kwenye presha lenga lamda 0.78 hadi 0.80. Tumia lamda, si uwiano wa hewa kwa petroli wa 14.7, kwa kuwa petroli ya E10 ya hapa Uingereza ina uwiano wake wa karibu 14.1.

Lamda ikipanda taratibu juu ya mizunguko 6,000, usikimbilie kuongeza mafuta kwenye jedwali. Funga geji kwenye reli. Kwenye baa 0.5 isome baa 3.5, ikishuka, pampu imechoka. Ya lita 190 kwa saa inatosha. Ya 255 huizidi nguvu regulata (kidhibiti presha ya petroli) ya kiwandani, na presha inapanda kwenye sailensa.

Kero moja iliyobaki: ukizima gari kwa dakika kumi baada ya kulipeleka kwa nguvu, kisha ukaliwasha tena, sensa ya joto la hewa hupikwa, kompyuta inapunguza mafuta, na injini inawaka kwa kutetemeka. Si kosa la injekta. Hamishia sensa mbali na manifoldi, au punguza makali ya marekebisho ya joto pale hewa inapopita kidogo.