Kompyuta ya kuzamia: ya mkononi au konsoli, kwa maji ya Malindi

Kompyuta ya kuzamia huonyesha kina na muda uliobaki chini ya maji. Kabla ya kuuliza bei, jiulize regulata, yaani kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye mtungi, ni ya nani. Wengi wanaozamia Malindi na Watamu huja na miwani na mapezi yao tu. Regulata, jaketi la kuelea na mtungi wanavikuta kwenye boti. Kwa mtu kama huyo konsoli, yaani kasha lenye kompyuta na vipimo vingine, ni mzigo, maana imefungwa kwenye mpira wa presha (bomba linaloleta hewa ya mtungi kwenye geji), na mpira wenyewe umekazwa kwenye regulata. Kuihamisha kila safari kunataka spana na oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) safi, tena si kazi ya kufanyia ufukweni kaskazi ikipeperusha mchanga. Ya mkononi unaivaa, basi.

Konsoli nazo si moja. Iko ile ya kasha la mpira lenye geji ya sindano ya kupima hewa ya mtungini, na kompyuta ndogo imeketi kando yake. Cressi Leonardo na Suunto Zoop Novo hupatikana hivyo, na pia za kuvaa mkononi. Halafu kuna za jamii ya Suunto Cobra, ambazo kompyuta yenyewe ndiyo inayosoma hewa ya mtungini. Raha yake ni kuona kina, muda uliobaki na hewa kwenye kioo kimoja. Lakini betri ikizima ukiwa mita 18 umekosa vyote kwa mpigo. Hujui mtungi umebaki na presha ya bar 120 au 60. Sindano haihitaji betri, na ndiyo sababu hata mwenye kompyuta ya mkononi bado anahitaji geji yake.

Kasoro ya konsoli huonekana wakati wa kupanda. Mkono wa kushoto umeshika mpira wa jaketi ukitoa hewa, wa kulia umeinua konsoli, kamba ya nanga inashikwa na nani? Kwenye kituo cha usalama cha mita 5, unaposubiri dakika tatu kabla ya kuibuka, wimbi likikurusha kati ya mita 3 na 7, swali hilo si la mzaha. Tena ukiiacha ining'inie inakokota juu ya matumbawe, ndani ya hifadhi inayolindwa tangu 1968. Ibane kwa klipu kifuani.

Ukiona viputo vyembamba pale mpira unapoungana na geji, tatizo ni kipini kidogo cha ndani chenye oringi mbili, na kwa kawaida oringi ndizo zimechakaa. Funga mtungi na utoe hewa yote kwanza, ndipo ufungue.

Za mkononi zina maradhi yao. Chumvi ikikauka kwenye vijisehemu vya chuma vinavyohisi maji, kompyuta hudhani bado iko baharini na betri huisha ikiwa kabatini. Iloweke kwenye maji baridi ya bomba, uifute, uiweke kivulini. Leonardo hutumia betri ya CR2430, Zoop Novo CR2450. Zote unabadilisha mwenyewe. Kagua oringi kwenye mwanga: unywele mmoja au chembe ya mchanga yatosha kuingiza maji. Grisi ya silikoni iwe kidogo tu, oringi ing'ae, isitapakae.

Kati ya Leonardo na Zoop Novo, anayeanza achukue Leonardo ya mkononi. Ina kitufe kimoja, kwa hiyo kufika kwenye menyu kunachosha, ila tarakimu zake ni kubwa, na maji yakigeuka mekundu kwa tope la mto Sabaki hilo ndilo utakalolishukuru. Zoop Novo ina vitufe vinne na ni nene mkononi.

Ya kukodi, iwe ya mkononi au konsoli, ina hatari isiyoonekana: inakumbuka naitrojeni (gesi inayojikusanya mwilini ukiwa chini ya maji) ya aliyeivaa jana, si yako. Ukizamia mara mbili kwa siku usibadilishe kompyuta katikati. Na baada ya kuzamia mara kadhaa subiri angalau saa 18 kabla ya ndege, maana kupanda juu gesi hiyo ikiwa bado mwilini ni hatari. Anayedhani basi la usiku halihusiki akumbuke kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari.