Uzoefu wangu: sanduku la askari wa plastiki kwa dayorama (mandhari ndogo ya mfano) ya vita vya Zanzibar vya 1896

Niliagiza mtandaoni sanduku la sanamu ndogo za askari wa miguu wa Uingereza wa enzi ya vita vya Sudan, za kipimo cha 1:72 (kila moja ni sehemu moja ya 72 ya ukubwa halisi), kwa nia ya kuzigeuza ziwe watetezi wa kasri la Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani wa Zanzibar, asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, pale manowari za Kiingereza za Admirali Harry Rawson zilipoanza kuupiga mizinga ufukwe wa mji wetu wa Unguja mnamo saa tatu na dakika mbili.

Uchongaji wake umenipendeza. Mikunjo ya nguo inaonekana, na nyuso zina pua na masharubu, ingawa mtu mzima hafiki sentimita mbili na nusu. Kasoro iko kwenye plastiki yenyewe, ambayo ni laini na yenye utelezi, hata gundi haishiki vizuri na rangi hubanduka pale bunduki inapopindwa kidogo tu. Ni lazima zioshwe kwa maji ya sabuni na zipakwe gundi nyeupe ya mbao kabla ya rangi ya akriliki. Kiungo kilichokatwa kitobolewe na kutiwa kipande cha waya mwembamba.

Kofia za jua nilizikata kwa wembe, nikazungusha vilemba vya uzi, na kanzu nikazitengeneza kwa karatasi ya shashi iliyolowekwa gundi, ambayo ikikauka hukaza na mikunjo yake ikabaki. Mikao ya kupiga goti na kulenga shabaha inawafaa hasa watu waliojibanza nyuma ya makasha, marobota na shehena ya mpira ghafi. Tena, wengi wa watu wapatao 2,800 waliokuwa upande wa Khalid walikuwa raia, kwa hiyo mavazi mchanganyiko ni sahihi. Kuwavisha wote sare moja ndiko kungekuwa uzushi.

Wasiokuwemo sandukuni ni wapiga mizinga. Kasri lilikuwa na bunduki za rashasha za Maxim na mizinga miwili ya kurusha makombora ya ratili 12, zawadi ya Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani kwa Sultani, wala hamna sanamu hata moja iliyoinamia mzinga. Imenibidi niagize sanduku jingine la wapiga mizinga, na anayekusudia mandhari hii ni afadhali ayaagize yote mawili kwa pamoja, kwani gharama ya kuyafikisha Unguja ndiyo inayouma kuliko bei yenyewe.