TAHADHARI: Anayeuza "nafasi za ziada" za Minecraft ni mwizi wa akaunti

Wachezaji wenzangu, kuna mtu anapita kwenye vikundi vya gemu akiuza faili la kuongeza nafasi za kubebea vitu. Anadai ukiliweka, nafasi zako 36 zinakuwa 108, na boti yenye sanduku inabeba mara tatu, tena kwenye seva yoyote (kompyuta inayoendesha mchezo wa watu wengi pamoja). Nilimlipa. Haikuongezeka hata nafasi moja, na kesho yake akaunti yangu ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Picha alizonitumia hazikuwa za kughushi, na hapo ndipo aliponinasa. Alizipiga ndani ya dunia aliyoitengeneza kwenye kompyuta yake, ambako mtu huweka modi (faili la kubadili gemu) yoyote aitakayo. Kwenye seva mambo ni tofauti kabisa: seva ndiyo inayotunza hesabu ya vitu vyako. Sanduku moja lina nafasi 27, mawili yakiungana 54. Boti yenye sanduku na kigari cha relini chenye sanduku ni 27 kila kimoja, na punda aliyebebeshwa sanduku ana 15. Faili lililo kwako peke yako haliwezi kubadili hesabu hiyo. Modi za kuongeza nafasi zipo, na nyingi ni za bure, ila mwenye seva lazima aziweke upande wake.

Modi ya toleo la Java, Minecraft ya kompyuta, ni programu kamili. Ukishaiwasha, inaweza kusoma karibu kila unachoweza kukisoma wewe kwenye kompyuta hiyo. Juni 2023 kirusi kilichoitwa Fractureiser kilikutwa ndani ya modi zilizopakiwa CurseForge, tovuti ya modi ambayo wengi wetu tunaiamini, kikiiba kuki za kivinjari na tokeni (funguo za kidijitali) za kuingilia Minecraft na Discord, programu ya gumzo. Sembuse faili la kutumiwa na mtu usiyemjua!

Kama tayari umeliwasha, toa kompyuta kwenye intaneti sasa hivi. Badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, anza na ya barua pepe, kisha jitoe kwenye akaunti zako katika vifaa vyote. Usiruke hatua hii ya mwisho, maana mwenye tokeni yako hahitaji nywila.

Tangu nianze kumfuatilia amebadilisha jina mara mbili. Sharti lake halijabadilika: "Zima antivairasi kwanza, huwa inalikataa kimakosa."