Family Link ya Google: inabana simu, haibani akaunti

Mzazi akiuliza programu ya kumpangia kijana muda wa simu, jibu la kwanza huwa Family Link. Ni ya bure, na kazi ya kufunga simu kwa saa inaiweza vizuri. Kasoro zake ziko pembeni, na vijana huzigundua upesi kuliko wazazi.

Simu ya mzazi yaweza kuwa Android au iPhone, ila ya mtoto sharti iwe Android. Pakua Family Link kwenye simu yako, kisha katika simu yake ingia Mipangilio, Google, udhibiti wa wazazi. Ile Gmail moja ya nyumba nzima hapa haifai. Kila mtu awe na akaunti yake. Kijana wa miaka 15 mwenye akaunti tayari lazima akubali mwenyewe na kuingiza nywila yake, kwa hiyo kumwekea kimyakimya hakupo.

Wengi huweka kikomo cha siku na kuishia hapo. Kwa mwanafunzi wa sekondari, mpangilio wa muda wa kulala, unaofunga simu usiku, una maana zaidi, maana bando la usiku ndilo linalomkesheza. Angalia saa unapoweka: saa tatu usiku ni 21:00, saa kumi na moja na nusu alfajiri ni 05:30. Ukiandika 03:00, simu itafungwa saa tisa usiku, kijana keshamaliza mambo yake. Kikomo nacho huhesabiwa kwa kila kifaa: saa 2 kwenye simu na saa 2 kwenye tableti ni saa 4.

Kosa kubwa zaidi ni kuiweka WhatsApp katika programu zinazoruhusiwa wakati wote, eti kwa sababu ya grupu la darasa. Programu iliyoruhusiwa hivyo hufunguka hata simu ikiwa imefungwa, na stetasi zitaangaliwa hadi usiku wa manane. Ipe kikomo chake. Kuhusu kupigiwa simu usihofu, maana simu ikifungwa bado anaweza kupokea.

TikTok ukiipa dakika 45, zikiisha ataifungua kwenye Chrome. Zuia na tovuti yake, kisha ondoa vivinjari vingine, kwa kuwa zuio la tovuti linafanya kazi Chrome tu. Hakikisha pia ruhusa ya programu kutoka vyanzo visivyojulikana imezimwa, la sivyo atarushiwa programu nyingine na rafiki kwa Xender.

Ukimwongezea dakika 30 wakati bando lake limekwisha, simu yake haitapata habari. Tumia msimbo wa mzazi uliomo ndani ya Family Link. Huo hauhitaji intaneti.

Lakini akishika simu ya shangazi na kuingia akaunti yake ya TikTok, hayo yote hayapo. Ndiyo maana Family Link peke yake tunaipa alama ya wastani kwa vijana. Iongezee Family Pairing, sehemu ya TikTok inayomwezesha mzazi kusimamia akaunti ya mtoto, na inayofuata akaunti hiyo popote inapofunguliwa: mzazi anafungua akaunti yake mwenyewe ya TikTok, anaingia mipangilio, kisha simu moja inasoma msimbo wa QR wa nyingine. Kabla ya hapo kagua mwaka wa kuzaliwa aliojisajilia. Kikomo cha dakika 60 ambacho TikTok ilitangaza mwaka 2023 ni cha walio chini ya miaka 18, na aliyeandika kazaliwa 1999 hakimhusu.