Begi la siti kwenye baiskeli ya resi: nimetoka nalo Moshi mpaka Lushoto na hema ndani

Watu wamekuwa wakiniuliza sana kuhusu hili begi refu linalotokeza nyuma ya siti yangu, kwamba kweli linabeba vitu vya kulala porini au ni mapambo tu, basi naandika yote hapa ili nisirudie rudie. Linabeba. Ila sio kila kitu, na lina tabia zake.

Kwanza mjue baiskeli yenyewe. Ni resi ya alumini, foku ya kaboni, breki za rimu, tairi ilikuja na upana wa milimita 25 nikaweka 28 ambayo inapita kwenye breki kwa shida shida, na haina hata kitundu kimoja cha kufungia keria. Hapo ndipo matatizo yote yanapoanzia. Baiskeli ya Phoenix inabeba gunia la mkaa na mtu juu yake kwa sababu keria ni chuma kitupu kimefungwa mpaka kwenye ekseli na fremu yake ni ndefu kwa nyuma, resi huku nyuma ni fupi sana, kutoka pale pedeli zinapozungukia mpaka ekseli ya nyuma ni kama sentimita 41 tu, ukitundika mabegi ya pembeni kisigino kinayagonga kila ukizungusha. Nilishaazima keria ya kufunga na vibano kwenye fremu nikaona. Ukiyasogeza mabegi nyuma ili kisigino kipite, uzito wote unahamia nyuma ya ekseli na mbele kunakuwa kwepesi mpaka usukani unatangatanga wenyewe. Kuna na ile keria inayobana kwenye bomba la siti peke yake, hizo nyingi zinaandikwa kilo 9 au 10 mwisho, na kama bomba lako ni la kaboni achana nayo kabisa, kaboni haipendi kubanwa sehemu moja halafu ivutwe.

Kwa hiyo nikaingia kwenye haya mabegi ya kufunga bila keria. La siti ni la lita 14 hivi, la Kichina, jina hata silisemi maana halina maana, niliagiza mtandaoni. Linashikwa na mikanda miwili kwenye reli za siti, vile vyuma viwili vya chini yake, na velkro mbili kwenye bomba, mdomo unakunjwa kwa kuviringisha kisha unabana. Maji hayajaingia hata mvua ilipotukuta pale Mwanga, hilo nalipa heshima yake.

Sasa siri ya hili begi ni upangaji, na hapa ndipo wengi wanaliona baya bure. Vitu vizito na vigumu vinatakiwa viwe kule ndani kabisa vigusane na bomba la siti, vile vyepesi vya kubonyea vije mwisho mkiani. Mimi ndani kabisa naweka kitambaa cha hema nimekikunja kikakaza, kisha nguo, kisha shuka na sweta. Ukifanya kinyume chake mkia unayumba kushoto kulia kila ukisimama kwenye pedeli, yaani unajisikia kama kuna mtoto amekaa nyuma hataki kutulia. Hata ukipanga vizuri linayumba kidogo, lisikudanganye tangazo la mtu. Nilichofanya ni kwenda kwa fundi wa baiskeli akanikatia mpira wa tyubu ya zamani, ile ile wanayofungia mizigo kwenye bodaboda, nikazungusha kutoka katikati ya begi mpaka kwenye fremu chini ya siti pande zote mbili. Mpira unavuta muda wote, ile mikanda ya plastiki ya kiwandani inalegea polepole. Kifungo kimoja kilishapasuka na mpira ukashika kazi yake mpaka leo.

Tatizo lingine matuta. Ile barabara kila kijiji kina matuta yake, ukilirukia bila kupunguza begi linashuka na kuligusa tairi, na tairi inakula kitambaa haraka kweli. Kabla hujanunua pima kutoka reli za siti mpaka juu ya tairi, kama una miguu mifupi na siti yako iko chini nafasi inaweza isitoshe kabisa, na hapo hata begi zuri la bei halitakusaidia.

Mbele nimefunga mfuko wa kuviringisha kwenye usukani na huu kwa kweli ndio naupenda zaidi. Usukani wa resi umepinda chini na wangu una sentimita 42, kwa hiyo mfuko usizidi upana huo la sivyo vidole havipati breki. Ndani yake godoro la kupuliza na chandarua basi. Fito za hema ndio zinasumbua, zikikunjwa bado ni ndefu kuliko ile nafasi, nimezifunga kwenye fremu kando ya bomba la juu na zimekaa huko vizuri kabisa. Angalia tu nyaya za breki na gia zisibanwe, ukikata kona uone kama usukani unazunguka mpaka mwisho.

Sasa kuhusu slipingi begi, ule mfuko wa kulalia. Sisi wa Moshi tuna bahati na balaa kwa wakati mmoja, vifaa vya mlimani vimejaa mji mzima, vya kukodi na vya mkono wa pili, ila ni vya kulalia kwenye baridi ya Kilimanjaro. Slipingi begi ya namna hiyo moja inajaza begi zima la siti, na ukishuka Same kulala na hiyo ni kujichemsha. Shuka la Kimasai linatosha huku chini kote, Mwanga, Hedaru, mpaka Mombo. Lushoto ni kitu kingine, ukienda mwezi wa 6 au wa 7 usiku ni baridi kweli, ongeza sweta zito na soksi. Mimi nililala na vyote mwilini.

Na jiko? Acheni jiko nyumbani. Naona watu wanahangaika na mitungi midogo ya gesi ya kuzungusha ambayo hata kuipata ni kazi, wakati barabara nzima ina mama ntilie, wali maharage, chapati, chipsi mayai, chai ya rangi saa 12 asubuhi. Hiyo nafasi na huo uzito beba maji. Kati ya Same na Mkomazi ni jua na upepo wa usoni, na begi la fremu, lile linalokaa katikati ya mabomba, likijaa linakunyima sehemu ya chupa, kwa hiyo mimi nimechukua lile dogo la nusu ya juu tu, chupa mbili zinabaki chini. Ndani ya hilo dogo kuna tyubu, pampu, spana na viraka. Tyubu bebeni za kutosha wadau, miiba ya migunga haina mchezo na duka la njiani halina saizi ya resi, 700 kwa 28 yenye valvu nyembamba, utakuta za Phoenix tu.

Faida ambayo sikuitegemea ni mabasi. Ile ni barabara ya Dar, mabasi yanakupita karibu mno na upepo wake unakuvuta halafu unakusukuma. Mzigo ukiwa umejipanga nyuma ya mwili wako upepo haupati pa kushika, mwenzangu aliyekuja na mabegi ya pembeni alikuwa anatupwa kwenye changarawe kila basi likipita.

Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 33 na karibu mita 1,000 za kupanda, hapo ndio utajua ulibeba nini. Gia yangu ndogo mbele ni meno 34 na kubwa nyuma ilikuwa 28, mpaka kufika Soni magoti yalikuwa yanaongea. Nimeshabadilisha nyuma nikaweka 32, fundi aliangalia kwanza kama mkono wa gia, ule unaohamisha cheni, unafika. Mzigo wote na mabegi yake ulikuwa kama kilo 8, zaidi ya hapo nadhani kwa resi yenye spoki 24 nyuma ni kutafuta rimu ipinde. Kushuka nako usiachie sana, ukiwa na mzigo nyuma kasi ikizidi usukani unaanza kutetemeka, bana bomba la juu kwa magoti na punguza taratibu, na ipe rimu nafasi ya kupoa.

Begi la siti nalipa alama 4 kati ya 5, ile moja nimeitoa kwa ajili ya vifungo. La usukani 5. La fremu 3, zipu yake ilianza kukwama na vumbi tangu Makanya, nikaipaka mshumaa ikaachia, lakini zipu mpya inatafutwa.