Wakili wangu wa kesi ya ploti: uzoefu wangu

Naona watu wanauliza kila siku wakili wa kesi ngumu ya ardhi hapa Nairobi, sasa wacha niseme yangu. Jina sitaji, kesi bado iko kortini.

Ploti ni ya marehemu baba, iko upande wa Ruai, alinunua kwa hisa kupitia kampuni ya kununua mashamba enzi hizo. Sasa kuna mtu ametokea na taito ya ploti ile ile na ashaichukulia loni. Kwa hivyo si kesi ya mimi na yeye tu, kampuni imo, benki imo na inataka kupiga mnada, msajili wa ardhi naye ndani. Kila mmoja na wakili wake, kila mmoja na karatasi zake.

Wakili wa kwanza tuliyemuona alikuwa na maneno matamu ajabu, ati tusilipe kitu, tukishinda tumkatie nusu ya ploti. Huyu mama niliye naye sasa aliposikia hiyo alicheka, akasema Sheria ya Mawakili kifungu cha 46 haitambui makubaliano ya kulipwa ukishinda tu.

Sasa tuje kwa historia yake ya kazi, maana ndiyo ilinifanya nimchague. Digrii ya sheria, Kenya School of Law, miezi sita ya pupileji (mafunzo ya kazi chini ya wakili mzoefu), hayo kila wakili amepitia, huwezi kuchagua mtu kwa vyeti vya ukutani. Nilicheki kwanza kwa tovuti ya LSK (chama cha mawakili) kama leseni yake ya mwaka iko hai (tangu ile stori ya wakili bandia ya 2023 sioni aibu kufanya hivyo), halafu nikaingia tovuti ya hukumu za korti, Kenya Law. Hukumu zinawekwa pale bure kabisa na mara nyingi majina ya mawakili yako chini mwisho, kwa hivyo ukitafuta jina unaona alisimamia nani na jaji alisema nini. Zake nyingi zilikuwa za Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na si zote alishinda, lakini hata kwa alizoshindwa unaona jaji amekaa chini akajibu hoja zake moja baada ya nyingine. Hiyo kwangu ilikuwa na uzito kuliko mtu wa kuniambia hajawahi kushindwa.

Kitu kingine, miaka yake ya mwanzo alifanya kwa ofisi ya kutetea mabenki. Kabla hajagusa deposti yangu aliitisha majina ya pande zote, mimi nikadhani ananizungusha, kumbe anaangalia kama aliwahi kufanyia ile benki kazi, maana angekuwa ameifanyia mambo yetu angeyakataa. Na kwa sababu alikuwa upande ule anajua benki inatakiwa kufanya nini kabla ya kukubali shamba la mtu kama dhamana.

Siku tuliyompelekea faili hakuongea sana. Alitoa kopi ya taito ya yule mtu na ramani ya sevea akaziweka kando kando mezani, akaweka kidole kwa tarehe ya moja halafu ya nyingine. Taito ilitoka kabla ramani yenyewe haijaidhinishwa! Sisi tulikuwa tumezishika hizo karatasi muda wote na hakuna aliyeona, hata wakili wa maneno matamu hakuona. Akatuelezea uamuzi wa Mahakama ya Upeo wa 2023, ule wa Dina Management na kaunti ya Mombasa, kwamba kushika taito peke yake haitoshi, lazima uonyeshe ilipatikana vipi tangu mwanzo. Zuio la korti tulipata, mnada ukasimama.

Ubaya? Simu hashiki. Unatuma WhatsApp asubuhi, anayejibu jioni ni msaidizi wake, tena kwa kifupi. Na si wa bei rahisi, ingawa anatenganisha ada yake na pesa za korti, na kila akilipia kitu kwa mfumo wa korti wa mtandaoni risiti inakuja kwangu. Pia usitegemee ataharakisha jaji, korti ya Milimani kesi ikiahirishwa imeahirishwa, hata akiwa nani.

Nampa nyota nne. Ila kama shida yako ni mtu tu amekataa kulipa deni na halizidi shilingi milioni moja, usiende kwake, nenda Mahakama ya Madai Madogo, pale unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.